Udongo Mzuri wa Kumpa Mgeni

Nilipokuwa na mimba ya binti yangu sikutamani chakula chochote cha Brussels. Nilitamani udongo. Udongo wa kichuguu, ule mkavu unaonukia kama mvua ya kwanza, ambao wanawake wa kwetu Katanga wanautafuna wakiwa na mimba. Mama aliuchimba nyuma ya shamba lake, akauanika, akampa msafiri. Niliupokea kwenye kituo cha treni cha Gare du Midi, umefungwa kwenye kipande cha kitenge, nikaanza kuula nikiwa bado ndani ya tramu. Bibi mmoja aliniangalia vibaya. Nikamwangalia hivyo hivyo.

Binti yangu sasa ana miaka mitatu na shamba lile hajaliona. Mpango wangu na mama ulikuwa mmoja tu: nirudi, tujenge pale, mtoto acheze bila viatu.

Lakini kando ya shamba kulikuwa na kiwanda cha kuosha madini. Kilifungwa nikiwa bado shuleni. Kilituachia wanaume wasio na kazi, mfereji wa maji mekundu, na mahindi yanayogeuka manjano kabla ya kubeba. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuja kutuuliza kitu. Halafu wakaja watu wa kupima udongo. Walisema ardhi ikionekana safi itagawanywa viwanja, na shule itajengwa. Kijiji kilichochoka vile, ukikitajia shule, kitakupa hata paa lake.

Baada ya miezi michache mama akanipigia. "Majibu imetoka, mutoto yangu. Udongo ya kwetu iko muzuri. Kuja ujenge."

Nililia jikoni. Nikamwambia binti yangu, tutaenda kwa nyanya yako.

Wiki hiyohiyo alikuja mpimaji kwetu hapa Forest, mtaa wa Brussels. Nyuma ya jengo letu kuna bustani ndogo ya majirani, nami nina tuta langu la lengalenga, mchicha wa kwetu. Zamani palikuwa gereji, kwa hiyo komini, serikali ya mtaa, ilitaka kujua kuna nini chini. Nikataka kumsaidia yule bwana. Nikachota udongo wa tuta langu, mweusi, laini, nikampelekea kwa mikono miwili.

"Hapana, madame," akasema. "Nachukua mwenyewe."

Akaenda moja kwa moja kwenye kona mbaya kuliko zote, ambako hata majani hayaoti. Akapiga magoti kwenye matope, akazungusha chuma chake mpaka chini. Nikamuuliza kwa nini pale.

"Sumu inakaa hapa. Udongo wako mzuri hauna la kuniambia."

Nikakumbuka majibu ya kwetu. Maana namjua mama yangu. Nikapanda ngazi, nikampigia.

"Maman, bale bantu ba kupima, udongo balichukua wapi?"

"Balituachia mitungi, tujaze siye benyewe. Bwana wao alikuwa ndani ya gari, jua ilikuwa kali."

"Mulijaza ya wapi?"

Akacheka. "Ya kichuguu, ile ile ulikulaka weye na mimba. Ningemupa mugeni matope ya mufereji? Tuliichekecha kama bunga, tukaondoa mizizi yote. Bamama bote."

Bon, haya. Hapa mtu anapiga magoti kwa ajili ya matuta manne ya lengalenga. Kule kijiji kizima kinapimwa na bwana aliyekaa garini, na wamama wakamchekechea ushahidi wake kama unga wa bukari, ugali wetu. Sikumkasirikia mama. Yule bwana, hata leo nikimpata nitamlisha ule mfereji.

Ningeweza kunyamaza. Nyumba ilikuwa tayari kichwani mwangu, hata dirisha nilijua litaelekea wapi.

"Maman, bapime tena. Ubapeleke kwa mufereji."

"Na nyumba yako?"

"Mutoto atachezea wapi? Juu ya kichuguu peke yake?"

"Unataka nimwambie mugeni nilimudanganya."

"Mwambie ni yeye alibakia ndani ya gari."

Alikata simu. Siku tatu hakupokea. Siku ya nne jirani yake akaniambia wamama walitembea mpaka mjini na ndoo ya matope mekundu, wakaitua mlangoni pa ofisi ya wale wapimaji, mama yangu mbele. Safari hii wapimaji walikuja na vyuma, wakatoboa wenyewe.

Majibu: hakuna kujenga, hakuna kulima. Shule haitakuja. Mama anaazima shamba kwa dada yake, mbali, na hanilaumu, na hilo ndilo linaniuma.

Kipande kimoja cha udongo kilibaki kabatini, ndani ya kitenge kilekile. Cha kichuguu. Hicho kichuguu kilipimwa, ni safi. Nilimpa binti yangu anuse. Akalamba.

Nikamwacha alambe.