Nilidanganya kuwa bibi yangu amepoteza kumbukumbu, kisa wivu wa batiki

Wakuu, kwema huko mliko?

Ninachoandika hapa ni kweli tupu, nimebadilisha majina tu. Wahusika wengine wamo humu jukwaani na mmoja najua atanicheka upya.

Mimi ni mwalimu wa History, sekondari moja hapa Arusha. Naishi Sekei. Nina degree, na naitaja mapema kwa sababu ndiyo iliyoniponza.

Research yangu chuoni ilikuwa juu ya Mjerumani na watu wa Mlima Meru. Jinsi boma lilivyojengwa, Waarusha na Wameru wakikamatwa kwa nguvu kubeba mawe na chokaa. Shuleni wanafunzi walinibatiza "Mjerumani". Nilikuwa naona raha kuitwa hivyo, ingawa ukifikiria vizuri, kwa Mwarusha kama mimi lile si jina la kuchekea.

Basi akaletwa mwalimu mpya wa somo langu. Tumwite Upendo, Mmeru, ana diploma tu.

Oneni nilivyoandika "tu". Ugonjwa haujaisha.

Huyu Upendo kila Jumamosi alikuwa anateremka Sokon I kwenye short course ya batiki. Kwa wasioijua, unachora kwa nta ya moto juu ya kitambaa, unakitumbukiza kwenye rangi, palipo na nta rangi haiingii. Unarudia hivyo rangi moja baada ya nyingine, mwisho unachemsha nta yote itoke.

Mimi nikawa namtania pale ofisini, eti mwenzetu anasomea matambara. Yeye anacheka tu.

Siku moja akaja na kitambaa kikubwa akakitundika ukutani, ofisi ya walimu. Boma la Mjerumani linajengwa. Watu wanakanyaga udongo, askari amesimama na bunduki, mlima nyuma yao.

Wakuu, kilikuwa kizuri.

Mkuu wa shule akasimama mbele yake na chai yake ikapoa. Wanafunzi wa Form Three, walewale wanaosinzia kwenye kipindi changu nikiwafundisha jambo hilohilo, wakajazana mlangoni wanabishana yule aliyeinama ni Mmeru au Mwarusha. Mmoja akauliza kwa sauti kama walikuwa wanapewa chakula.

Miaka sita nafundisha. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza mimi kama walikuwa wanapewa chakula.

Nikaanza kutafuta kosa. Nikalipata kwenye kofia ya askari. Alikuwa ameipaka nyekundu, nikasimama mbele ya staff nzima nikaeleza kwa kirefu kwamba askari wa Mjerumani wakiwa kazini waliifunika kwa kitambaa cha kaki. Nilitegemea anune.

Akatoa daftari akaandika. Akasema ahsante Mwalimu, nisingejua.

Hapo ndipo nilipomchukia kabisa. Mtu unamkosoa, anakushukuru, wivu wako unabaki nao mkononi huna pa kuuweka.

Sasa tukio lenyewe.

Upendo akataka kutengeneza kitambaa cha pili, juu ya nyumbani kulikuwaje wanaume walipopelekwa kwenye mawe. Akasikia kwamba nina bibi mzee sana upande wa magharibi mwa mlima, aliyeolewa kwenye boma la watu walioyaona hayo. Akanifuata kwa adabu zote. Akaniomba nimpeleke wakasalimiane.

Bibi, au Koko kama tunavyomwita sisi, ana miaka inayokaribia tisini na akili yake ni kali kuliko yangu. Anataja ng'ombe wa baba mkwe wake mmoja mmoja, mpaka waliokufa.

Nikamwambia Upendo, walimu wengine wakisikia, "Koko siku hizi kumbukumbu zimepotea. Hata mimi hanijui."

Nilisema hivyo bila kupepesa macho.

Kwa nini? Nilijiambia hadithi ya Koko ni akiba yangu ya Masters. Lakini ukweli ni kwamba nilishamhoji mara mbili na sikupata kitu. Nilikwenda na fomu yangu ya maswali: ilikuwa mwaka gani, kiongozi nani, sababu za upinzani. Koko aliniambia miaka iko kwenye vitabu vyangu, akaendelea kuchambua maharage. Kwa hiyo nilikuwa nalinda ghala ambalo mwenyewe nilishindwa kulifungua. Nilichoogopa ni Upendo afike, lifunguke.

Upendo aliponisikia, uso ukambadilika. Akanipa pole ya dhati kabisa. Nikaipokea.

Halafu nikafanya ujinga mwingine. Nikajiandikisha batiki kwa siri. Nilikwenda mbali naye, Lemara, kwa mama mmoja anaitwa Bi Saumu, nikamwambia nina degree ya historia na nataka kuchora boma. Hesabu yangu ilikuwa ndani ya mwezi mmoja nitundike changu juu ya kile cha Upendo.

Siku ya kwanza niliungua na nta vidole viwili. Boma langu lilifanana na banda la kuku. Sikukata tamaa, nikachora mstari wa watu wanaopanda na mawe.

Bi Saumu akainama juu ya kitambaa akauliza, haya mawe wamebebaje, begani, mgongoni au kichwani? Akasema nta ikishaingia huwezi kufuta, kwa hiyo lazima nijue kabla ya kugusa.

Nikajifanya nachochea moto wa nta.

Akauliza tena, taratibu, akidhani sikusikia. Wakuu, nilikuwa nimesikia. Sikuwa najua. Kurasa themanini niliandika juu ya watu wale, na sijui jiwe lilikaa wapi mwilini.

Jumapili baada ya ibada nikaenda kwa Koko. Nilimkuta anakatia ng'ombe majani ya mgomba. Nikainamisha kichwa, akaniwekea kiganja kama desturi, nikakaa. Fomu sikubeba. Nikamuuliza swali la Bi Saumu.

Koko akaweka panga chini.

Akasema walibebeshwa kichwani. Mama mkwe wake alikuwa msichana mdogo wakati huo, na kaka yake alikuwa morani, nywele ndefu zimesukwa na kupakwa udongo mwekundu na mafuta. Na sisi, wakuu, nywele za morani ni mama yake anazinyoa, siku ya kuvuka rika, na morani wengine hulia siku hiyo. Yule kijana alibebeshwa mawe mpaka nywele zikakatika utosini, palepale jiwe lilipokaa. Akarudi nyumbani amejifunika ngozi ya mbuzi kichwani. Mama yake alipoifunua, akachukua wembe akamalizia zilizobaki, bila sherehe, bila maziwa ya kumlowesha kichwa, mchana kweupe nyuma ya nyumba.

"Jiwe lilimnyoa kabla ya mama yake," Koko akasema.

Nilikuwa nalia, siwafichi.

Halafu akaokota panga lake akasema, "Ero, kijana wangu, ndivyo nilivyomweleza na yule mwalimu mwenzako."

Nikauliza mwalimu yupi, huku najua.

Hapa ndipo mtaona akili yangu ilipoishia. Mimi ni mtu wa Arusha, nimekulia hapa, nikamwambia mtu kwamba bibi yangu anaumwa, halafu nikategemea akae nyumbani kwake. Huku mgonjwa anaendewa. Upendo aliuliza usharikani, akaelekezwa, akapanda na sukari na maziwa kuja kumpa pole mzee aliyepoteza kumbukumbu. Akamkuta juu ya kilima anapalilia maharage.

Koko akasema alipoambiwa kilichomleta, alicheka mpaka jembe likamtoka. Walikaa mpaka saa za kukamua. Binti alimuuliza nywele zilikuwa za urefu gani, ngozi ilikuwa ya rangi gani, mama alisimama upande gani.

"Akasema hatachora mpaka wewe uruhusu. Eti hadithi ni ya kwetu."

Nikauliza ilikuwa lini. Akasema kabla maharage hayajatoa maua.

Tulikuwa tumeshayavuna.

Yaani wiki zote zile Upendo alikuwa anakaa meza ya pili kutoka kwangu, ananisalimia, anajua nimedanganya, na hajamwambia mtu. Nami nikimtazama nikawa namsema moyoni, eti anaringa.

Jumatatu nikamfuata kabla ya paredi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Akanitangulia.

"Mwalimu, Koko kumbukumbu zinaendeleaje?"

Nikaomba radhi. Nikamwambia achore.

Kitambaa kimekamilika mwezi uliopita. Mama, wembe, kijana ameinama, ile ngozi ya mbuzi iko chini. Jina la ukoo wetu limeandikwa pembeni, yeye mwenyewe hakuweka lake. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha maji ya kutolea nta, na mlima wa nyuma ni mimi niliupaka. Umepinda kidogo.

Siku ya kukitundika shuleni nilimleta Koko. Mkuu wa shule akamkaribisha mbele ya wanafunzi, akamwomba ajitambulishe.

Koko akasimama, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata, akasema, "Mimi ndiye yule bibi aliyesahau kila kitu."

Walimu walicheka. Upendo aliinamisha uso. Wanafunzi hawakuelewa, mpaka leo wananiuliza maana yake.

Nilichojifunza: kama umesoma historia, ongeza kitu cha mikono, kozi yoyote, hata ya Jumamosi. Itakuuliza maswali ambayo msimamizi wako wa chuo hakukuuliza. Na ukiona wivu umekushika, utaje mapema kabla haujakutafutia uongo wa kusema.

Wangu mimi bado upo. Jana mwanafunzi amesema mlima ule uliopinda ndio umeharibu picha, na nikajikuta nataka kumwambia kwamba ni wa Upendo.

Haya, uwanja ni wenu, nirushieni mawe. Nitabeba kichwani.