Sistangu Anangoja Jibu la Baba, na Baba Tulishamzika

Admin, nifiche jina kabisa. Hapa Kaptembwo watu husoma hii page kuliko Biblia, na mama yangu ana marafiki wenye bundles.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, naendesha boda boda. Shule niliachia kidato cha pili, kwa hivyo nikikosea herufi mnivumilie, msianze kunicheka huko kwa comments. Kwetu tumezaliwa wawili, mimi na sistangu mdogo. Kichwa alipewa yeye. Alipita mpaka akapata ufadhili wa kusomea uinjinia Ulaya, nchi sitaitaja. Kwa ukoo wetu wote, kutoka kwetu magharibi mpaka hapa Nakuru, hakuna mtu alikuwa amekanyaga chuo kikuu, hata hiki cha hapa karibu. Siku ya kumsindikiza, kanisa lilimwekea mikono kichwani mpaka nywele alizosukwa zikaharibika.

Baba alichonga mawe maisha yake yote, kuari ya upande wa Bahati. Hiyo kazi ilimmaliza masikio. Ukimpigia simu hasikii kitu, na kusoma hakujua, kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa mkono wake. Jioni anakaa kwa stuli, anaongea kwa nguvu vile viziwi huongea, ploti nzima inasikia, mimi naandika kwa simu yake: "Mtoto wangu, hapa tuko wazima, hofu ni kwako. Umekula?" Sistangu akijibu, namsomea kwa kelele kwa sikio la kulia, anacheka. Na kila mara lazima amalize na, "Mwambie asome, mawe nitachonga mimi."

Baba alikufa mwaka jana. Kifua. Akiwa wodini alitushika mikono akasema msichana asiambiwe mpaka amalize mitihani, juu anamjua, ataacha kila kitu apande ndege. Mama akaapa. Na mimi nikaapa, ningefanya nini mbele ya mtu anakufa? Tukampeleka nyumbani tukamzika, na siku ya tatu tukanyolewa sisi wote vile desturi yetu inataka. Hizo nywele ndizo karibu zituumbue. Sistangu alipiga video call akashtuka. "Mbona nyinyi wote hamna nywele?"

Nikamwambia ni mashilingi, ule ugonjwa wa ngozi ya kichwa, yameingia nyumba.

"Hadi Mama?"

Mama akavuta kitambaa chake akasema, "Hadi mimi, mwanangu. Si nilikuwa nabeba mtoto wa jirani." Halafu akatoka nje akaenda kulia nyuma ya choo. Baba tukasema yuko kuari, na tangu hapo kila akipiga video, Baba ni kuari ama amelala.

Mitihani ikaisha. Nikamwambia Mama, sasa tumwambie. Mama akasema tungoje amalize mwaka. Mwaka ukaisha, akasema tungoje apumzike kidogo. Tulizozana mpaka nikahamia kwa beshte yangu anayekaa mtaa wa Rhonda kwa muda. "Baba yako aliniachia neno moja tu," aliniambia, "na wewe ndiye unataka kulivunja." Neno lenyewe Baba alisema mpaka mitihani, hakusema milele! Lakini utabishana aje na mjane?

Na wakati huo wote sistangu anaendelea kuandikia simu ya Baba. Mara ya kwanza nilijibu "niko mzima" juu sikujua niseme nini kingine. Ya pili ikawa rahisi. Baadaye nikazoea. Kuna siku niliandika "Umekula?" nikasikia sauti yake kabisa, na mnisamehe, nilifurahi. Nilijua ni dhambi na nikafurahi.

Jana mchana niko steji nangoja abiria, simu ya Baba ikalia kwa mfuko. Ni meseji ya sistangu. Ameanza na mimi: "Bro, najua wewe ndio unasoma. Hii usinijibu wewe. Msomee Baba vile iko, na uandike vile atasema, usiongeze, usipunguze."

Halafu akamwandikia Baba. Anasema wenzake darasani wazazi wao ni mainjinia, wakikwama wanapiga simu nyumbani, yeye akikwama hana wa kuuliza. Wakicheka anacheka, na hajui wanacheka nini. Akitoka darasani anaenda kusafisha vyumba vya hoteli mpaka mgongo unakataa. "Baba, nimechoka kuwa wa kwanza. Nataka kurudi. Watu wengine wataniambia nivumilie na hawajui kitu. Wewe umebeba mawe, unajua mtu akichoka. Ukisema rudi, nitarudi. Ukisema baki, nitabaki na hutanisikia nikilalamika tena."

Wueh. Abiria alikuja, nikamwambia boss, tafuta pikipiki ingine.

Nikisema baki, nitakuwa nimemfunga huko kwa mdomo wa maiti, na siku atajua, atanichukia mpaka kaburini. Nikisema rudi, atashuka ndege akitafuta mzee wa kumkumbatia, na masomo pia yatakuwa yameenda. Nikimwambia ukweli leo, vile amechoka hivyo, peke yake kwa chumba cha watu, nani atamshika? Na kuna kitu kingine kinaniuma. Mimi kama mimi nataka arudi. Nimebeba hii nyumba na huu uongo pekee yangu, nimechoka pia, na hakuna mtu ameniandikia kuniuliza. Kwa hivyo sijiamini. Sijui Baba angesema nini. Mkono wake nilikuwa nao, akili yake sikuwa nayo.

Nilijaribu. Nikaandika "Mtoto wangu, hapa tuko wazima," nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Nikasahau kwamba huko aliko anaona simu ya Baba inaandika. Akatuma: "Naona anakuambia kitu. Usimharakishe, bro. Mwambie nangoja."

Mpaka sasa bado anangoja. Nyinyi mlio na dada, nyinyi mliofichwa msiba mkiwa mbali, tafadhali niambieni kabla hajaandika tena. Nifanye nini? Nimjibu kama nani?