Kilo Kumi na Tano za Mama Lusungu

Wanasema presha ilimpiga ghafla. Ghafla ya wapi! Kila nikisikia habari ya Tusajigwe inavyosimuliwa pale mtaani Bulyaga hasira inanipanda upya, kwa sababu mimi ndiye nesi niliyekuwa nikimhudumia, na nilikuwepo tangu mwanzo. Basi nitaisema ilivyokuwa. Na katika mabaya aliyotendewa, moja ni la kwangu. Nalo nitalisema.

Alikuwa mjane mwenye mgahawa wa mabati karibu na stendi ya Tukuyu. Hapakuwa na mtu mjini asiyejua ndizi zake za nyama. Zama za ruksa, biashara ikiachiwa huru, zilikuwa zimefika. Miaka ya foleni tulikula kwa kubana. Sasa mafuta ya kupikia yakajaa madukani, sukari ikajaa, na sisi wenyewe tukajaa. Hakuna aliyeona ubaya. Kule ukimwambia mwanamke "umenenepa," anakushukuru, maana umesema nyumbani kwake kunalika.

Desemba 1993 alikuja zahanati, kisogo kinamuuma. Nilimpandisha kwenye mizani: kilo tisini na sita. Nikampima presha: mia na themanini kwa mia na kumi. Nikamuuliza kuhusu wazazi wake. Akaniambia mama yake alipooza upande mmoja akiwa na miaka arobaini na minane, akalala miaka miwili akigeuzwa na watu, kisha akafa. Tusajigwe mwenyewe alikuwa na arobaini na mmoja, na mtoto wake Lusungu alikuwa darasa la tano.

"Mama Lusungu, punguza mwili," nikamwambia. "La sivyo utalala kama mama yako alivyolala."

Hakubisha. Aliuliza tu, "Kilo ngapi?"

Nikasema kumi na tano.

Kanisani kwetu, siku ya mwaka mpya, watu huandika ahadi kwenye vikaratasi, wanatia kapuni, na mchungaji anazisoma. Kwa kawaida ni mikungu ya ndizi, debe la maharage, siku mbili za kufyatua tofali. Mwaka ule mchungaji alifungua karatasi moja, akaisoma kimyakimya kwanza, halafu kwa sauti: "Tusajigwe. Kupunguza mwili, kilo kumi na tano." Kanisa zima likaangua kicheko. Naye alicheka, amesimama katikati yao na kitambaa chake cha kijani kichwani. Ninalisisitiza hili kwa sababu baadaye wote walijifanya hawakuwepo.

Sasa fikiria mpishi anayejinyima. Sufuria ziko mbele yake tangu asubuhi hadi jioni, na yeye mchana anakula ndizi mbili za kuchemsha na mboga za majani. Chumvi akawa anawaonjesha wateja. Alfajiri alivaa mabuti akatembea kwenye ukungu hadi mashamba ya chai na kurudi, kabla hajawasha moto. Wiki ya tatu alikuja kwangu analia kwa njaa, mtu mzima, machozi kabisa. Nikamwambia avumilie. Lakini kilichomtesa zaidi ni mialiko. Rungwe hukatai chakula cha mtu hivihivi. Alikuwa akisema "ndaga fijo, nimeshiba," anashukuru na kuomba radhi kwa pamoja, na mwenye nyumba anabaki amenuna na bakuli mkononi.

Na kila Jumamosi saa nne aliacha sufuria zikichemka, akawaambia wateja, "Ngoja nikapime, narudi sasa hivi."

Nikapime! Laiti angesema nikapime uzito. Mwaka ule neno hilo lilikuwa na maana moja tu mjini. Mtu hakwenda kupima uzito wala kiwanja. Alikwenda kupima damu, na aliyekwenda kupima alihesabiwa amekwisha. Yeye alikuwa akilitangaza mwenyewe kila wiki mbele ya meza nzima, na kila wiki akionekana mwembamba kuliko wiki iliyopita.

Tena magauni yalianza kumpwaya, akawa anayapeleka kwa Amoni, fundi cherehani wa jirani, ayabane. Amoni naye alikuwa akikonda. Yeye kwa kweli alikuwa mgonjwa, na watu walijua. Basi wakawaunganisha. Wanakonda pamoja, wakasema, na wakaona wamegundua jambo.

Mwisho wa Juni mizani ilisoma themanini na moja. Presha, mia na arobaini kwa tisini. Ahadi imetimia nusu mwaka tu! Nilimkumbatia pale pale, nikamzungusha, wagonjwa kwenye benchi wakashangaa. Siku hiyohiyo nilimsindikiza mgahawani. Sufuria zilikuwa zimejaa, na mteja alikuwa mmoja, Amoni. Wengine walipita barabarani wakimsalimia kwa mbali, kwa sauti ya msibani. Kesho yake dada yake, Beatrice, akaja kutoka Masukulu. Hakugusa chai aliyopewa. Aliuliza Lusungu atabaki na nani. Na Lusungu shuleni alikuwa amebaki peke yake kwenye dawati la watu watatu.

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Jumapili, wakati wa matangazo, nilisimama bila kuitwa.

"Acheni maneno yenu," nikasema. "Mama Lusungu haumwi. Nimempima mwenyewe, kila wiki, tangu Januari. Yuko safi!"

Kisha mama mmoja mzee akasema taratibu, "Kumbe kila wiki? Ndaga, nesi."

Niliketi nikidhani nimeshinda. Kabla ya jioni mji wote ulikuwa umeambiwa kwamba nesi amethibitisha. Anapimwa kila wiki, basi hali ni mbaya. Nesi kusema yuko safi? Lazima aseme hivyo, wamefundishwa kuficha siri. Na ile ahadi ya mwaka mpya? Alijua mapema, akaileta kanisani apate pa kujificha. Hebu niambie, vichwa kama hivyo unavijibu nini?

Lakini ubaya wangu haukuwa kule kutaja kupima tu. Amoni alikuwa kwenye benchi la nyuma. Niliposema "safi," aliinuka akatoka. Nilikuwa nimemwita mchafu mbele ya kanisa, mtu pekee aliyekuwa bado anakula chakula cha rafiki yangu. Nilimfuata dukani kumwomba radhi. Aliendelea kukanyaga cherehani yake, akasema, "Yameisha, nesi," hakuniangalia.

Wiki iliyofuata nikamkuta Tusajigwe ameketi mlangoni mwa mgahawa mchana kweupe, sinia mapajani, anakula. Ndizi, nyama yenye mafuta, maziwa ya mgando. Alikuwa anakula akiitazama barabara, ili wapitao wamwone. Nikamnyang'anya sinia.

"Unajiua!"

"Nirudishie, nesi."

"Umesahau mama yako? Miezi sita ile yote unaitupa?"

Alijifuta mdomo kwa kanga. Hakuwa amekasirika, na hilo lilinikasirisha zaidi. "Jana Lusungu amempa mwenzake kipande cha andazi," akasema. "Mwenzake amekitupa chini, kisha akajifuta mkono. Presha itaniua mimi, nesi. Haya maneno yanamla mtoto. Wewe ni mtu wa kuja, ukituchoka unaomba uhamisho, unarudi kwenu Songea. Mimi na Lusungu tutakwenda wapi?"

Nilimrudishia sinia. Ilinipasa nikae naye. Niliondoka bila kuaga, najiona nimeonewa mimi.

Wateja walirudi mmojammoja, kisha kwa makundi. "Umependeza, Mama Lusungu! Sasa ndiyo wewe!" Walishika mashavu yake. Walimsifu Mungu. Wasichana wakarudi kwenye dawati la Lusungu. Amoni alifariki Septemba, na waliokuja kumzika hawakuzidi kumi na watano. Jumamosi Tusajigwe hakuja tena zahanati. Nilimpelekea vidonge vya presha vilipopatikana, na mara nyingi havikupatikana. Kufika Krismasi alikuwa amepita kilo mia. Siku ya mwaka mpya mchungaji alimwambia mbele yangu kwamba mwaka huu ameuanza vizuri.

Februari alianguka jikoni kwake. Upande wa kulia ukafa, na kusema akawa hawezi.

Sasa walikuja wote. Kupooza hakukuwatisha hata kidogo. Walijaza chumba hadi mlangoni, na kila mmoja alikuja na chombo kilichofunikwa. Beatrice alipanda kitandani na bakuli la ndizi zilizopondwa, akawa anampelekea kijiko. Nyuma yake wamepanga mstari, wanasubiri zamu. Wanawake walewale walioogopa kula kilichotoka mkononi mwake walikuwa wanagombania kumlisha.

"Kula, mdogo wangu," Beatrice akasema. "Usije ukakonda."

Tusajigwe alikaza midomo. Kijiko kikagonga meno. Beatrice akajaribu tena, naye akageuzia uso ukutani. Mtu akasema, "Hana hamu ya kula, maskini." Mwingine akasema amekwishakata tamaa.

Niliwafukuza. Sikuwaomba, niliwafukuza, nikamshika Beatrice mkono nikamshusha kitandani, nikawatoa wote hadi uani wakinung'unika kwamba nesi huyu wa kutoka Songea hana adabu. Nikafunga mlango na komeo. Niliporudi kitandani alikuwa amegeuka, ananitazama kwa jicho lililobaki na uhai wote. Nikaketi, nikachukua lile bakuli, sikujua nifanye nini nalo.

Akafungua mdomo. Alikuwa na njaa sana. Alikula bakuli lote.