Mkanda wa Mzee Abdullahi

Usinicheke kabla sijamaliza. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, na hadi leo sijui niyaweke wapi kichwani.

Mimi ni nesi hapa Garissa. Ofisi yetu ni chumba kimoja mtaani Iftin, na kazi yangu ni kuangalia mioyo ya watu walio mbali. Mgonjwa anavaa mkanda kifuani, mkanda unatuma mapigo kwa simu, mimi nayaona kwenye skrini. Moyo ukienda vibaya skrini inalia, nami nawapigia jamaa zake wamkimbize hospitali. Niliwafundisha wote jambo moja: nisipopiga, jueni moyo uko salama.

Mmoja wao alikuwa Mzee Abdullahi, mfugaji wa kule Diff, aliyetunzwa na bintiye Halima. Mzee mwenye utani huyo. Alikuwa akiniuliza kama namwona pia anapogombana na ngamia wake.

Siku hiyo data ya Diff ilikuwa imekatika tangu alfajiri, jambo la kawaida, ingawa simu za kupiga zilipita. Baada ya adhuhuri akaingia mwanamke wa makamo, jilbabu nyeusi. Akanisalimu vizuri, akaweka mezani kitambaa kilichofungwa fundo.

"Sista, Mzee Abdullahi wa Diff hatunaye. Tumemzika asubuhi. Nimerudisha mkanda wenu."

Nikasema innalillahi. Ningesema nini kingine? Huku kwetu mtu akifa usiku, asubuhi yuko kaburini, na anayeleta habari ya msiba hahojiwi. Nikafungua kitambaa, nikasoma namba ya mkanda, nikaiandika kwenye rejista. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Nikakifunga tena, nikakitia kwenye droo, kisha nikaliondoa jina la mzee kwenye skrini. Nilipoinua kichwa nimpe pole, hakuwepo.

Hapo ningeshtuka, sivyo? Kutoka Diff hadi hapa, kwa barabara ile, ni safari ya siku nzima. Mtu azike asubuhi, afike saa nane, viatu havina hata vumbi? Tena Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu, na kule Diff watu huongea Kisomali. Niliyaona yote hayo, wallahi, lakini hayakuungana kichwani.

Magharibi simu ikalia. Alikuwa Halima.

"Sista, Aabo amelala chini tangu alasiri. Anatoka jasho, kifua kinambana. Nilitaka kutafuta gari, akakataa. Amesema tutulie, Sista hajapiga, kwa hivyo si moyo."

"Aabo nani?" nikauliza kama mjinga.

"Baba yangu. Nani mwingine?"

"Na mkanda uko wapi?"

"Uko kifuani mwake. Naugusa sasa hivi."

Nikafungua droo. Kitambaa kilikuwepo, na fundo lile nililolifunga mimi. Ndani hamkuwa na kitu. Namba bado ilikuwa kwenye rejista, kwa mwandiko wangu. Nikarudisha jina kwenye skrini, mapigo yakaja yote kwa mkupuo. Data ilikuwa imerudi saa kumi. Tangu saa kumi moyo wa mzee ulikuwa ukiomba msaada, na mimi nilikuwa nimeuzima.

Nikamwambia Halima atafute gari lolote. Alilipata. Mzee alikata roho njiani, wakamzika asubuhi yake.

Askari wa getini anaapa hakuna mwanamke aliyepita. Yule alikuwa nani? Jini? Au ni uchovu wangu tu? Nimemwuliza sheikh, nimemwuliza daktari, kila mmoja ananipa lake, na mimi nazidi kuchanganyikiwa.

Kinachonila ni Halima. Aliponiuliza kwa nini sikupiga, nilimwambia data haikurudi siku nzima. Akaniamini. Kila Ijumaa ananipigia kunishukuru kwa jinsi nilivyomtunza baba yake, nami naitikia huku naona haya. Siku hizi nawapigia wagonjwa wote kila jioni, wenye nafuu na walio hoi. Wananiita msumbufu. Waniite tu.

Basi nawe ukiletewa habari ya kifo, hata aliyeileta awe na adabu namna gani, usifute jina la mtu. Piga simu kwanza. Mzee Abdullahi angeipokea.