Pilipili za Mama Kwenye Chumba cha Cherehani

Mama alishuka kwenye mwalo wa Kibirizi akiwa na mfuko mmoja wa nguo, sufuria mbili zilizofungwa kwa kamba, na fundo dogo kwenye pindo la kanga yake. Nilimnyooshea mkono avuke kutoka kwenye boti, akaukwepa na kushuka mwenyewe, maji yakimfika magotini. Nilimwamkia, akaitikia, na neno la pili kutoka kinywani mwake lilikuwa swali: nyumba ninayokaa ina mahali pa kulima? Nilimwambia ina uwanja, ila umesakafiwa karibu wote. Akaguna, tukaelekea kwangu Ujiji.

Ziwa lilikuwa limepanda misimu kadhaa mfululizo. Kule Mwamgongo, kijijini kwetu, bustani yake ilikuwa nyuma ya nyumba, karibu sana na ufukwe, na maji yaliimeza polepole. Yalianza na mchicha, yakaja kwenye bamia, mwisho yakachukua mstari wa pilipili ambao watu wa kijiji walikuwa wakiutaja wanapoelekezana njia. Kaka yangu mkubwa, ambaye anavua huko, alihamia juu mlimani, lakini chumba cha mama kilikuwa bado hakijaezekwa. Kwa hiyo akaja kwangu, kwa muda, na hayo maneno mawili aliyarudia kwa kila jirani aliyekuja kumpokea.

Ndani ya lile fundo mlikuwa na mbegu. Pilipili zake ni za jamii ya pilipili mbuzi, fupi, zenye mikunjo, zikiiva zinakuwa njano kama kiini cha yai. Harufu yake hukufikia kabla ya ukali. Bibi yangu alivuka nazo kutoka upande wa Kongo alipoolewa, na mama akazirithi. Katika maisha yake yote hakuwahi kula pilipili ya sokoni. Akikaribishwa ugenini anakuja na yake.

Mimi ni fundi cherehani. Nimepanga vyumba viwili, kimoja tunalala, kingine ndicho cha kazi, chenye dirisha kubwa linalopata jua la asubuhi. Mama alisia nusu ya mbegu kwenye kipande cha udongo kilichobaki pembeni mwa uwanja. Zilipoanza kuchomoza, kuku wa mwenye nyumba walizichakura zote kwa asubuhi moja. Mama alisimama akawatazama wale kuku kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akaomba ndoo zangu za rangi zilizokuwa zimekaa bure, akazijaza udongo, na nusu iliyobaki akaisia humo. Ndoo tukazipanga juu ya benchi chini ya dirisha, cherehani ikasogea ukutani.

Ziliota vizuri. Nilikuwa nikishona huku naziona zikitoa jani baada ya jani, na mama akawa na kitu cha kuamkia. Alizinywesha maji kwa kikombe asubuhi, akazinywesha tena jua likishuka. Hakutoka kwenda uani kukaa na wanawake wenzake. Alikaa kwenye kiti kando ya benchi, akinisimulia habari za Mwamgongo kana kwamba mimi sikuzaliwa huko.

Kisha majani yakaanza kubadilika. Yale ya chini yaligeuka njano, moja leo, jingine kesho, mpaka kila mche ukawa na majani yaliyofifia yakining'inia. Ya juu, machanga, yalijikunja kingo zake kuelekea ndani kama mtu anayekunja kiganja. Mama alisema miche ina kiu, akaongeza maji. Hali ikazidi kuwa mbaya. Akasema udongo wa Ujiji umechoka. Mimi nilidhani ni ugonjwa, nikataka kwenda Kigoma mjini kutafuta dawa ya kupulizia, lakini mama akakataa dawa yoyote ya sumu kwenye chumba ambamo watu wanavua nguo na kupimwa. Kwa hilo alikuwa na haki, nami nikaiacha safari.

Kilichonishtua ni uzito. Siku moja nilitaka kufagia chini ya benchi, nikanyanyua ndoo mojawapo, ikawa nzito kama imejaa mawe. Udongo wa juu ulikuwa mkavu, umepasuka. Nikaigonga ubavuni. Chini ilitoa sauti nzito, ya kitu kilicholoa. Katika kazi yangu, gauni likikaa vibaya mwilini halirekebishwi kwa kulipiga pasi. Unafumua mshono, unaangalia ndani. Nikamwambia mama tufumue mche mmoja.

Alikataa. Alisema mbegu hizo hazina dada zao mahali popote duniani, na kwamba mtu hamuui mtoto ili ajue anaumwa nini. Tulibishana, kwa heshima, lakini tulibishana. Nilimkumbusha kwamba tukikaa tukitazama tu, itakufa yote. Aligeuza uso dirishani.

Kesho yake niliporudi kutoka kuchota maji nilimkuta ameketi sakafuni, ameshika ndoo yenye mche uliodhoofika kuliko wote. Aliilaza ubavu, akaipigapiga, akauvuta mche kwa shina, taratibu, kwa vidole viwili. Udongo ulitoka umeshikamana. Nusu ya chini ilikuwa tope jeusi lenye harufu ya mtaro, na mizizi iliyokuwa humo ilikuwa ya kahawia, laini, ikikatika kwa kuguswa tu. Ndoo zile hazikuwa na tundu hata moja. Kule Mwamgongo maji aliyomwaga yalizama kwenye mchanga yakaenda zake. Humu hayakuwa na pa kwenda.

Mama aliyatazama yale matope, mikono yake imechafuka mpaka kwenye viwiko.

"Ziwa lilinizamishia bustani moja," akasema. "Hii nyingine nimeizamisha mwenyewe."

Nilidhani atalia. Badala yake aliniagiza niwashe jiko.

Tulipasha msumari mrefu kwenye makaa, tukaushika kwa koleo, tukatoboa kila ndoo chini na pembeni. Mama alinituma ufukweni nikalete mchanga, nao akauchanganya na udongo na samadi ya mbuzi iliyokaa muda mrefu, ambayo jirani aliipata kwa ndugu zake wa kijiji cha Simbo. Tuliihamisha miche yote. Iliyokuwa na mizizi iliyooza, mama aliikata sehemu hiyo kwa mkasi wangu wa kukatia nyuzi, na nilimwacha, ingawa mkasi ule simpi mtu. Kuanzia hapo hakumwagilia kwa mazoea. Aliingiza kidole udongoni mpaka kwenye kifundo cha kwanza, na kama kilitoka na unyevu, kikombe kilirudi mezani.

Majani ya njano yalipukutika, na mapya yaliyofuata yalikuwa ya kijani kizuri. Tulifurahi mapema mno. Yale ya juu kabisa, yaliyokuwa yakifunguka, yaliendelea kujikunja. Sasa yalikuwa na mng'ao kama yamepakwa asali, na yalinata mkononi.

Safari hii mama ndiye aliyeona. Macho yake hayaoni tena vitu vidogo vya karibu, lakini aliona mstari mweusi ukipanda mguu wa benchi. Sisimizi walipanda na kushuka kama watu wa gulio.

"Sisimizi hapandi mti kwa matembezi," aliniambia. "Tazama wanafuata nini."

Nilivaa miwani yangu ya kutungia uzi, nikageuza jani lililojikunja nikalielekeza kwenye mwanga. Upande wa chini ulikuwa umejaa vidudu vya kijani, laini, vimebanana kama punje za mtama. Ni wale ambao wakulima huwaita wadudu mafuta. Walikuwa wakifyonza jani, na sisimizi wakilamba utamu wao. Nilimweleza mama ninachokiona, naye akawa ananiuliza: wako chini ya jani tu, au na kwenye shina? Majani makubwa yanao? Wapo wenye mabawa? Nilijibu kila swali nikiwa nimeinama, na kadiri alivyouliza ndivyo nilivyotambua kwamba ninazungumza na yule mama ninayemfahamu tangu utotoni, ambaye sikuwa nimemwona tangu aliposhuka kwenye boti.

Alifikiri, kisha akasema kwamba kule ufukweni wadudu hawa walikuwepo siku zote, ila mvua iliwaosha, upepo wa ziwa uliwapeperusha, na wadudu wengine waliwala. Chumbani hakuna mvua, hakuna upepo, na dirisha lina wavu. "Basi tutakuwa sisi mvua," akasema.

Tuliyeyusha kipande kidogo cha sabuni ya kufulia kwenye maji. Nilimpa vipande laini vya pamba vilivyobaki kwenye kazi, na asubuhi, kabla jua halijafika dirishani, tulikaa pande mbili za benchi tukafuta jani moja moja, chini zaidi kuliko juu. Tuliacha kidogo, kisha tukasuuza kwa maji safi ili sabuni isiyachome. Mama hakuona vidudu, lakini vidole vyake vilijua jani lililonata na lisilonata. Nilipopitisha macho nyuma yake sikukuta alichoruka. Mche mmoja ulikuwa umevamiwa kiasi cha kutisha. Yeye mwenyewe aliung'oa akautia motoni. Miguu ya benchi tukaitia kwenye makopo ya maji, sisimizi wakafika ukingoni na kugeuza.

Tulirudia kuosha kila baada ya siku chache mpaka majani mapya yakafunguka yamenyooka. Lakini mama alisema mmea hauwezi kuishi kama mgonjwa wa wodini, lazima uote jua na kupigwa na upepo. Kwa hiyo tukawa tunatoa ndoo uani asubuhi, na kwa kuwa kuku hawakuwa wameokoka, yeye alikaa nazo akiwa na fimbo ya mtopetope. Ndivyo alivyotoka chumbani. Wanawake wakasogeza viti vyao. Jirani mmoja, bibi ambaye familia yake ilitoka Kalemie, ng'ambo ya Kongo, aliinama akanusa jani na kudai pilipili hii ni ya kwao. Mama akamjibu kwamba ni ya kwao kweli, ila tuliotunza ni sisi. Walicheka mpaka nikasimamisha cherehani nione kuna nini.

Maua ya mwanzo yalianguka. Mama alisema yamekosa nyuki, akawa anayagonga kwa ukucha kila asubuhi, kwa upole, kama anayepiga hodi nyumba ya wakwe. Yaliyofuata yakashika. Vipilipili vilitokea vya kijani, vikanenepa, vikajikunja mikunjo yake ya asili, na siku ya kwanza kimoja kilipobadilika rangi mama aliniita kutoka kwenye nguo ya bibi harusi niliyokuwa nikiimalizia. Nilikwenda nikiwa na pini mdomoni. Alinionyesha kwa kidevu.

Kaka alipokuja mjini kuuza dagaa tulimkaribisha chakula. Nilipika ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani kwetu, wa kukaanga. Mama akatwanga pilipili moja, moja tu, na chumvi na ndimu. Kaka ndiye aliyemwambia wakati wa kuhama kwamba mbegu zipo tele madukani, asihangaike na za zamani. Alichovya tonge, akatafuna, machozi yakamtoka, akaendelea kula bila kuyafuta. Alipomaliza alisema, "Mama, hii ndiyo ya kwetu." Kisha akaomba miche.

Mama alikuwa ameshasia mingine, kwenye makopo yaliyotobolewa. Hakumpa kirahisi. Alimuuliza ataiweka wapi, maji yataelekea wapi, na kama mkewe ana desturi ya kugeuza majani kutazama chini. Kaka, mwanamume mwenye ndevu za mvi na wavuvi wanaomtii, alijibu kama mwanafunzi. Mimi nilikuwa natoa vyombo, na nikiri kwamba nilijivuna. Nilijivunia yeye, na nilijivunia mikono yangu iliyoshikilia koleo na kitambaa cha sabuni kando yake. Katika miaka yangu ya kazi nimeshona nguo zilizosifiwa mpaka Bujumbura, lakini hakuna nilichowahi kumwonyesha mgeni kwa raha kama lile benchi.

Miche ilisafiri kwa boti, imefunikwa magunia yaliyoloweshwa ili upepo usiikaushe. Chumba cha mama kule mlimani kimeezekwa sasa. Kila mara kaka anamuuliza atarudi lini, na kila mara mama anasema hawezi kuondoka wakati kuna maua. Wanawake wa mtaa huja na majani yao kwenye viganja, ya nyanya, ya bilinganya, nao hulazimika kujibu maswali kabla ya kupewa ushauri.

Juzi mchana tulikuwa tunakula, simu ikaita. Alikuwa kaka, na sauti yake ilisikika mpaka kwangu: majani ya pilipili yamejikunja yote, nini cha kufanya? Mama alimeza tonge kwanza. Akamuuliza yamejikunja tangu lini. Tangu jua lilipopanda, kaka akasema. Na jana jioni yalikuwaje? Yalikuwa yamenyooka. Chini kuna nini? Ametazama, hakuna kitu. Udongo? Una unyevunyevu.

"Hiyo haiumwi, inajikinga na jua tu," mama akamwambia. "Usiimwagie maji. Iache, uitazame jioni."

Akanirudishia simu niikate, maana bado hajazoea kile kitufe, akanawa tena mkono, na kuomba nimsogezee mboga.