Hapana ya Kwanza Niliyomwambia Gogo Zelda

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilianza na pini mdomoni mwa mama yangu. Alikuwa amepiga magoti sebuleni kwetu, mtaa wa Bertrams, akipunguza upindo wa gauni la kitenge nililokuwa nimelivaa, na kwa sababu ya zile pini alinigombeza bila kufungua meno. "Jumapili! Siku ya kanisa! Bon, enda. Lakini usinipatishe haya. Mutoto wa adabu habishane na bakubwa. Bakikuuliza, unaitika. Ni ile tu."

Usicheke. Ninapoandika haya kwenye daftari langu nina miaka kumi na saba, wewe hujazaliwa, na baba yako simjui wala sina haraka ya kumjua. Lakini bibi yangu kule Bukavu tulikotoka alizoea kusema kwamba nasaha ni kama mbegu, huwekwa kabla mvua haijanyesha. Basi ninakuwekea hii.

Wakati ule nilikuwa na kumi na tano. Shuleni waliniita Sailenti, kama simu iliyozimwa mlio kanisani. Bubu sikuwa. Niliongea vizuri sana, ila kwenye daftari. Ndiyo maana nilishtuka mwalimu wetu wa historia, ambaye ni Myahudi, aliponiambia kwamba insha yangu juu ya wageni imemgusa, na anataka niende kwenye kongamano la masomo la watu wake, hotelini, upande wa kaskazini mwa jiji. Si kwenda kusikiliza. Kufundisha! Nitakaa na mwalimu mmoja mzee, tusome kisa kimoja asubuhi nzima, halafu saa tisa tusimame wawili mbele ya watu. Jina langu lilichapwa kwenye ratiba chini ya jina lake. Mama aliibeba ratiba ile kanisani, akaizungusha kama sahani ya sadaka mpaka ikachakaa pembe. Saa tisa angekuja kunisikiliza, yeye na mama wawili wa kwaya.

Nilipoingia kwenye ukumbi wa kusomea nilidhani kuna ugomvi. Watu wamekaa wawili wawili, kitabu katikati, wanapigiana kelele. Profesa anamtikisia kidole daktari wa meno. Kijana wa umri wangu anamwambia mzee mwenye ndevu nyeupe, "Umekosea kabisa," na mzee anafurahi kama amepewa zawadi. Kwenye vibandiko vya majina hakuna Profesa wala Daktari, jina la kwanza tu. Nikajiambia, eish, hawa hawana mama?

Mwenzangu alikuwa Gogo Zelda, na gogo huku ni bibi. Alikuwa mfupi, amevaa raba za kukimbilia, na mfukoni ana peremende za kikohozi zisizokwisha. Alifundisha hesabu maisha yake yote. Tulipewa kisa cha mzee wa kale aliyekaa mlangoni mwa hema lake wakati wa jua kali, akaona wageni watatu kwa mbali, akatoka mbio kwenda kuwapokea. Hata sisi kanisani tunakijua.

Gogo akaeleza jinsi mgeni anavyopaswa kuheshimiwa. Mimi nikaitika. "Ndiyo, Gogo." Akaeleza tena. "Ndiyo, Gogo." Saa nzima hivyo. Nilijiona nafanya vizuri sana, mama angejivuna.

Akanitazama juu ya miwani. "Na wale wageni walikuwa wanne, sivyo?"

"Ndiyo, Gogo."

"Mapendo, kidole chako kiko juu ya neno gani?"

Nikaangalia. Kidole changu kilikuwa juu ya neno "watatu".

Mwanangu, nilitamani sakafu ya hoteli ipasuke. Akafunga kitabu, taratibu tu.

"Kama ninataka wa kunikubalia, nina kioo bafuni," alisema. "Umeniona ninaelekea shimoni, ukaniambia tembea salama. Hiyo kwenu ndiyo heshima?"

"Kwetu mtoto habishani na mkubwa, Gogo."

"Vizuri! Hiyo ndiyo sentensi yako ya kwanza leo." Akanipa peremende. "Sasa sikiliza, binti. Saa tisa sisimami na mtu wa kuitikia, watu watafikiri nimekodi wa kunipigia makofi. Niletee hapana moja. Iwe ya kweli, si ya kubuni. Ukiikosa, nitaomba wafute jina lako, nifundishe peke yangu."

Wafute jina langu! Na mama yuko njiani na kwaya.

Chakula cha mchana kilinishinda. Nilikaa kwenye kona na sahani yangu, nikalia kidogo, sitakuficha. Meza ya jirani walikuwepo wazungumzaji wawili wakubwa, wale ambao mihadhara yao ilijaza watu asubuhi. Mmoja alipiga meza mpaka vijiko vikaruka: "Hujaelewa hata mstari mmoja!" Mwenzake akajibu kwa sauti kubwa kuliko yake. Na huku wanazozana, huyu wa kwanza anammiminia mwenzake chai, anamsogezea sukari, vijiko viwili, bila kuuliza. Alijua anavyokunywa. Machozi yangu yalikauka pale pale. Nilikuwa nimezoea kuona watu wakibishana halafu hawasalimiani mwaka mzima.

Nikafungua kile kisa. Nilikisoma tena na tena mpaka wali ukapoa. Sikutafuta la kumkomoa Gogo. Nilitafuta mahali moyo wangu ulipokataa, na nilipofika pale nilipajua. Nikafunga kitabu.

Saa tisa ukumbi ulijaa. Mama aliketi mstari wa pili na vitenge vitatu, chake na vya wenzake. Gogo Zelda hakuniuliza kama ninayo ile hapana au sinayo. Alianza tu.

"Mgeni akija," alisema, "mwulize kwanza jina lake na anakotoka. Hivyo ndivyo anavyoheshimiwa."

"Hapana."

Ilitoka ndogo kama panya. Lakini ilitoka.

"Nani amesema hapana?"

"Mimi, Gogo. Samahani."

"Samahani irudishe mfukoni. Simama, soma."

Nikasimama, nikasoma. Maji ya kunawa miguu. Kivuli cha kupumzikia. Mkate. Ndama aliyechinjwa kwa haraka. "Hakuna mahali alipowauliza wanatoka wapi," nilisema. "Wamekunywa, wamekula, na hajauliza. Mimi ninaulizwa kila siku. Kwenye spaza, duka la mtaani, kabla sijapata mkate. Kliniki kabla hawajanipima homa. Juzi mama mmoja aliniuliza tumesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, bado nyekundu. Swali si baya. Lakini likitangulia maji, mgeni anajua kwamba maji yanategemea jibu."

Gogo akakunja mikono. "Na kama ni wezi?"

"Hata mwizi huona kiu, Gogo."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, alisogea karibu zaidi. "Hujui jina lake. Utamwitaje aje mezani?"

"Nitamwita mgeni. Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Karibu haiulizi pasipoti."

Hapo alifungua karatasi zake, za zamani mpaka zimekuwa njano, akachukua kalamu na kufuta mstari mzima mbele ya watu wote. "Nimekifundisha kisa hiki hivyo tangu nikiwa na nywele nyeusi," alisema. "Leo nimepata mwenzangu wa kusoma." Kisha akanigeukia. "Sasa endelea kufundisha wewe, mimi nitakubishia."

Na mama yangu, aliyesema nisibishane, akapiga vigelegele! Kwaya ikaitikia. Ukumbi mzima wa maprofesa ukageuka kutazama, na mmoja wa wale wawili wa chai akajaribu naye kupiga, akakohoa.

Nje mama alinishika bega. "Weye! Kubishana na muzee mbele ya batu! Na yeye anacheka?" "Ile ya kliniki haukuniambia."

"Hukuniuliza, mama."

"Bon," akasema, akinifuta uso kwa ncha ya kitenge chake. "Nimeuliza sasa."

Tulizungumza njia nzima ya kurudi, na Jumatatu shuleni, mwalimu alipouliza swali, mkono wangu ndio uliotangulia. Sailenti alifia hotelini.

Basi, mwanangu, heshima si utumwa. Mkubwa umsalimie, umpishe kiti, umchotee maji, lakini usimwache aende shimoni kwa sababu ya adabu yako. Hapana yako iwe ya kweli, itoke mahali unapopajua, na mkono wako uwe tayari kumsogezea sukari. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nami naongeza kwamba asiyebishiwa naye amebaki na kioo chake. Nitakosea, nina hakika. Siku hiyo usiniitikie. Niambie hapana, hata kama nina pini mdomoni.

Mungu akupe ulimi usiomwumiza mtu na usiomwogopa mtu. Akupe mlango unaotanguliza maji. Na akupe Gogo Zelda wako, mapema, kabla hujazoea kunyamaza.