Mapigo ya Jembe Kabla ya Mkaguzi

Nilikuwa na miaka kumi na minane, mwalimu ambaye bado hajathibitishwa kazini, na sauti yangu ilikuwa na tabia ya kunikimbia. Watoto sabini wa darasa la tatu sikuwaogopa hata kidogo. Lakini mtu mzima akivuta kiti akakaa nyuma ya darasa, koo lilikauka na mikono ikatetemeka mpaka chaki ikavunjika. Mwalimu mkuu alinitazama nikifundisha mara moja tu, kisha akaniita ofisini.

"Mkaguzi anakuja baada ya wiki tatu," akasema. "Ukikwama mbele yake kama ulivyokwama leo, hutathibitishwa. Utarudi kwenu."

Kwetu kulikuwa Shinyanga mjini, dukani kwa baba, kukunja vitenge mpaka apatikane mtu wa kunioa. Nilikuwa nimeapa sirudi ng'o. Miaka ile ya sabini walimu walitakiwa kwa haraka, hata sisi tuliomaliza la saba tukachukuliwa, tukawa tunajifunza ualimu huku tunafundisha. Mimi nikaangukia kijiji cha upande wa Kharumwa.

Mwenye nyumba niliyopanga alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye mabega ambayo wanaume wengi wa pale wangeyatamani. Kijiji kizima kilimwita Mayu, yaani mama, nami nikamwita hivyo hivyo. Ndiye aliyeongoza kikundi cha kulima kwa ngoma: watu kama thelathini, leo shamba la huyu, kesho la yule, mstari mmoja, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Na alikuwa na jambo moja nililomhusudu tangu wiki ya kwanza. Mtu akija kumgombeza, hakujibu. "Nitakujibu nikishalima," alisema, akachukua jembe lake. Akirudi, ama alijibu kwa upole, ama alikuwa ameshasahau ugomvi wenyewe.

Jioni ile alinikuta nimekaa mlangoni, chakula sijakigusa. Nikamweleza yote, machozi yakinilengalenga. Nilitegemea pole.

"Kesho alfajiri tunakwenda kulima," akasema.

"Mayu, mimi kulima sijui."

"Mikono si inatetemeka? Tuipe kazi."

Jembe nililijua likiwa jipya, limepangwa dukani kwa baba. Alfajiri ile Mayu alinisimamisha kando yake, katikati ya mstari. Ngoma ikaanza, nami nikafanya kosa la mtoto wa mjini: nilidhani ni mashindano. Nikalima kwa pupa, nikawaacha wote nyuma hatua tano, nikajiona nimewaweza. Mara nikasikia kicheko. Kugeuka, ngoma imenyamaza na mstari mzima umeegemea majembe, unanitazama ninavyohema.

"Mwalimu, unamkimbia nani?" Mayu akauliza. "Mkaguzi mwenyewe hajafika."

Nilikasirika nusura nitupe jembe. Akaja akanishika mkono, akanirudisha mstarini kama ndama.

"Ngoma ikilia, shusha. Ukiinua, vuta pumzi. Mengine yaache."

Nilikwenda kila alfajiri. Malengelenge yalipasuka, viganja vikaota sugu. Nililima saa moja hivi, nikaoga, nikaenda shule, na kifua kilikuwa chepesi ajabu. Woga haukuisha, nisidanganye, ila ulipungua ukawa kitu ninachoweza kutembea nacho. Na kila nilipoinua kichwa nilimwona Mayu pembeni yangu, jasho linamtiririka, uso umetulia, nikatamani nami niwe hivyo siku moja.

Mkaguzi alifika asubuhi na Land Rover. Akavuta kiti, akakaa nyuma. Chaki ikavunjika. Nikafungua mdomo, sauti hakuna. Sijui nilipata wapi ujasiri: nikawaashiria watoto wasimame, nikainama, nikainua jembe ambalo halikuwepo, nikapiga mguu chini badala ya ngoma. Watoto wale wa wakulima walielewa papo hapo. Tukashuka pamoja, darasa zima, saba mara moja, saba mara mbili, kila jibu na jembe lake. Kufika saba mara nne sauti niliyoisikia ilikuwa yangu, na ilikuwa kubwa. Mkaguzi aliandika bila kutabasamu. Alipotoka alimwambia mwalimu mkuu, "Huyu abaki. Ila hilo vumbi mlipunguze."

Saa sita nilikimbia nyumbani. Mayu alikuwa nyuma ya nyumba, peke yake, bila ngoma, analima kwenye jua la utosini.

"Mayu, nimethibitishwa!"

Akaacha jembe likaanguka, akakaa chini, akajifunika uso kwa khanga.

"Tangu nilipoona lile gari linapita asubuhi," akasema mwishowe, "nimeshindwa kukaa kitako. Nimelima tu."

Ndipo nikatazama alikotoka. Udongo mbichi ulianzia ukutani kwake, ukafika kwenye mawe ya mpaka, ukayapita, ukala nusu ya shamba la jirani ambaye yeye na Mayu walikuwa wamenuniana tangu mvua za mwaka uliotangulia. Mayu naye akageuka, akaona. Mimi nikaziba mdomo nisicheke.

"Haya," akasema, akijifuta macho. "Sasa huyu itabidi nimsalimie. Nimeshamlimia."